Gari la toleo maalum: la kuendeshwa Embu–Meru au la kufunikwa turubai?

Leo naweka kando habari za seva na misimbo, tuzungumze magari. Kuna swali ninaloulizwa mara kwa mara na vijana wa Embu, Chuka, Nkubu na Meru mjini: yale magari ya michezo yanayotolewa kwa idadi ndogo, yenye kibati cha nambari ndani, yana maana yoyote kwetu? Lipi lina raha barabarani, na lipi linaweza kushika thamani kama ploti?

Natoa jibu kwanza ili mwenye haraka aende zake. Ukiishi pande hizi na unataka kuendesha, nunua ndugu wa kawaida wa gari hilo: injini ya ukoo uleule, gia zilezile, bila kibati. Ukitaka thamani ya mkusanyaji, tafuta gari ambalo upekee wake umo kwenye chuma, si kwenye rangi, nambari au programu. Na ukitaka vyote viwili kwa gari moja hapa Meru, jiandae kwa hesabu ngumu. Sasa tuje kwenye sababu.

HAYA MAGARI YALITOKA WAPI

Toleo la idadi ndogo halikuanza kama ujanja wa mauzo. Lilitokana na sheria za mbio. Wasimamizi wa mbio za magari duniani walisema hivi: huwezi kuleta mashindanoni gari ulilojitengenezea peke yako, kwanza tengeneza kiasi fulani cha aina hiyo. Katika Kundi B la miaka ya 1980 kiasi kilikuwa magari 200. Katika Kundi A lililofuata kilikuwa 5,000, kisha kikapunguzwa hadi 2,500.

Magari yaliyozaliwa na sheria hizo yaliijua Kenya vizuri. Toyota Celica Twin Cam Turbo, gari la Kundi B, lilishinda Safari Rally miaka mitatu mfululizo: 1984 na 1986 likiendeshwa na Björn Waldegård, na 1985 likiendeshwa na Juha Kankkunen. Mwaka 1992 Carlos Sainz alishinda Safari na Celica ya turbo inayovuta kwa magurudumu yote manne, na Toyota ilitengeneza toleo la magari 5,000 ili aina hiyo ikubaliwe mashindanoni. Na Safari ya zamani, kabla ya mbio kukusanywa kwenye maeneo machache, ilizunguka Mlima Kenya na kupita huku kwetu. Wazee wa Embu na Meru waliyaona magari haya yakiwa na matope hadi kwenye vioo, si kwenye picha za kalenda.

Angalia maana yake. Gari lilikuwa adimu kwa sababu kulikuwa na kazi lililotakiwa kufanya. Turbo kubwa, saspensheni imara, bodi iliyopanuliwa, kila kimoja kilikuwa na sababu. Uhaba ulikuja kama matokeo tu. Baadaye makampuni yakagundua kwamba uhaba wenyewe unauzika, hata pasipo kazi. Hapo ndipo mambo yalipochanganyika, na hapo ndipo mnunuzi wa leo anapopigwa.

UPEKEE WA AINA TATU

Mimi ni mtu wa programu, nikiona vitu vingi napenda kuvipanga kwenye makundi. Magari haya nayagawa matatu.

Aina ya kwanza: upekee wa chuma. Mfano bora ni Subaru Impreza 22B STi ya mwaka 1998. Ilitolewa kuadhimisha miaka 40 ya magari ya Subaru na mataji matatu mfululizo ya watengenezaji katika mbio za dunia, 1995 hadi 1997. Japani ilipata magari 400, Uingereza 16, Australia 5. Milango miwili, bodi iliyopanuliwa ifanane na ya gari la mbio, na injini iliyoongezwa ujazo kutoka lita 2.0 hadi 2.2. Ukibandua stika zote na kung'oa kibati cha nambari, bado litabaki gari tofauti na Impreza ya jirani.

(Kwa wenzangu wa misimbo: 22B ukiisoma kama nambari ya heksadesimali unapata 555. Piga hesabu mwenyewe: 2 mara 256, jumlisha 2 mara 16, jumlisha 11. Na 555 ndiyo nambari ya wafadhili iliyokuwa ubavuni mwa Subaru za buluu, pamoja na ile Colin McRae aliyoshinda nayo Safari ya 1997. Wengine husema B ni ya Bilstein, waliotengeneza shokamzoba zake. Mimi napenda hesabu yangu.)

Aina ya pili: upekee wa nambari. Hapa naliweka Subaru WRX STI EJ20 Final Edition, lililotangazwa mwishoni mwa 2019. Magari 555, yote ya soko la Japani, na wanunuzi walipatikana kwa bahati nasibu. Msingi wake ni WRX STI Type S ya kawaida. Cha ziada ni injini ambayo pistoni, mikono yake na kranki vimepimwa na kusawazishwa kwa uangalifu zaidi, rimu za BBS za rangi ya dhahabu, viti vya Recaro, urembo mwekundu, na kibati. Sisemi kusawazisha injini ni kazi ya bure, inazunguka kwa ulaini zaidi. Lakini gia, bodi na mfumo wa kuvuta kwa magurudumu manne ni vya Type S ileile. Sehemu kubwa ya unacholipia juu ya bei ya kawaida ni kusema, "Langu ni la 312 kati ya 555."

Aina ya tatu, ambayo kwangu ndiyo mpya kabisa: upekee wa programu. Mwaka 2024 Toyota ilitangaza matoleo mawili ya GR Yaris, moja la Sébastien Ogier na jingine la Kalle Rovanperä. Wote wawili wamewahi kushinda Safari ya Naivasha tangu iliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021. Japani ilitengewa magari 100 ya kila toleo, nayo kwa bahati nasibu. Rangi ni tofauti na vipo vitu vya bodi, lakini kinachoyatenganisha hasa na GR Yaris nyingine ni msimbo. GR Yaris hugawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma kwa klachi inayoongozwa na kompyuta. Ya kwanza kabisa, ya 2020, ilikuwa na mipangilio mitatu: asilimia 60 mbele na 40 nyuma, au 30 kwa 70, au nusu kwa nusu. Ya Ogier ina mpangilio uitwao SEB uliotungwa kwa jinsi yeye anavyopenda gari liingie kwenye kona. Ya Rovanperä ina uitwao KALLE, na mwingine uitwao DONUT wa kupiga miduara kwa magurudumu ya nyuma.

Sasa sikiliza, ndugu msomaji. Mimi nafanya kazi ya kuandika vitu hivi. Kunakili faili moja kwenda kwenye gari la 101, la 1,000 au la 20,000 hakugharimu chochote cha maana. Uhaba huo si wa vifaa wala wa mikono ya mafundi. Ni mlango uliofungwa kwa makusudi. Nakubali kwamba mpangilio huo unabadilisha tabia ya gari kweli, pengine kuliko rimu za dhahabu. Kwa raha ya kuendesha, aina ya tatu inaweza kuishinda ya pili. Lakini thamani inayokaa juu ya faili ni thamani ninayoiogopa, na nitaeleza kwa nini baada ya kupita bandarini.

MLANGO WA MIAKA 8 NA MLANGO WA MIAKA 25

Kenya ina kiwango cha KS 1515, na kila aliyeagiza gari anakijua hata kama hajui jina lake: gari la mtumba likizidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza halipiti, na usukani uwe kulia. Marekani ina sheria iliyo kinyume karibu kabisa. Gari ambalo halikutengenezwa kwa viwango vya Marekani husubiri hadi lifike miaka 25, ndipo linaruhusiwa kuingia bila kutimiza viwango hivyo.

Weka sheria hizi mbili pamoja uone zinavyofanya soko. 22B za 1998 zilitimiza miaka 25 mwaka 2023, na wanunuzi wa Marekani wakafunguliwa mlango. Mwaka huohuo, huko Uingereza, 22B ya majaribio iliyokuwa ya Colin McRae mwenyewe ilinunuliwa mnadani kwa pauni 480,500. Kwa fedha ya wakati huo hizo ni zaidi ya shilingi milioni 80 za Kenya. Sisi? Mlango wetu kwa gari hilo ulishafungwa miaka mingi nyuma. Hata ukiwa na pesa, 22B haiingii kwa njia ya kawaida ya mtumba.

Kwa hiyo kati ya magari niliyoyataja, mtu wa Meru anayeagiza leo anabaki na machache. EJ20 Final Edition iliyosajiliwa 2020 bado ina nafasi, lakini nafasi hiyo inaisha pamoja na mwaka 2027. GR Yaris za 2020 kwenda juu zipo. Na kwa bahati yetu, magari yaliyotengenezwa kwa Japani pekee yana usukani kulia, kwa hiyo hapo hatuna shida.

Mtu mwerevu atasema: "Vizuri! Nikiingiza Final Edition sasa, mlango ukifungwa hakuna nyingine itakayokuja, langu litakuwa adimu Kenya nzima." Ni kweli litakuwa adimu. Lakini adimu si sawa na ghali. Bei hupanda pale wanunuzi wawili wenye pesa wanapokitaka kitu kimoja na wanajua maana yake. Embu hakuna mnada wa magari ya wakusanyaji. Mkadiriaji wa bima ataangalia mwaka, modeli na kilomita. Mnunuzi wa mtumba atauliza linakula mafuta kiasi gani na kama limewahi kugongwa. Hakuna atakayelipa ziada kwa ajili ya kibati. Soko la kweli la gari hilo liko Japani, Uingereza na Marekani, na mlango wa Marekani kwa gari la 2020 utafunguka 2045. Pesa zako zitalala miaka mingi, na kabla ya kulala utakuwa umelipa ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa na VAT, ambavyo hakuna mkusanyaji wa London atakayekurudishia.

Kuna jambo moja zaidi. Wakusanyaji hulipa bei ya juu kwa gari ambalo halikutembea. Kila kilomita unayokula kati ya Embu na Meru inakata kipande cha thamani uliyoilipia. Umenunua gari la raha, halafu raha yenyewe imekuwa hasara.

BARABARA YENYEWE

Tuache makaratasi, tuwashe gari. Barabara ya Embu kwenda Meru kupitia Runyenjes, Chuka, Chogoria na Nkubu inapita ubavuni mwa Mlima Kenya. Mito inashuka kutoka mlimani, barabara inaikata mmoja baada ya mwingine: unateremka bondeni, unavuka daraja, unapanda tena kwa kona. Kwa mtu anayependa usukani, ni vigumu kupata barabara ya lami tamu zaidi nchini.

Huku juu turbo ina faida yake. Embu na Meru ziko karibu mita 1,300 hadi 1,600 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya hapa ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 kuliko ya Mombasa. Injini isiyo na turbo inapoteza nguvu kwa kiasi karibu na hicho. Turbo inaisukuma hewa ndani kwa lazima na kurudisha sehemu kubwa ya kilichopotea. Ukiendelea kutoka Meru kwenda Timau, unakopanda kupita mita 2,000, tofauti inaongezeka. Jambo la kukumbuka ni petroli: magari haya ya Japani yamepangiwa mafuta yao ya daraja la juu yenye oktani 100, ambayo si ya kawaida vituoni kwetu. Kompyuta ya injini italigundua hilo na kurudisha nyuma muda wa cheche, nawe utakosa baadhi ya farasi uliowalipia.

Kwa raha tupu ya kona hizi, chaguo langu ni GR Yaris. Ina urefu usiofika mita 4, uzito wa kilo 1,280, injini ndogo ya lita 1.6 yenye silinda tatu na turbo, na ile ya kwanza ya Japani ilitoa farasi 272. Ni fupi, inageuka haraka, na barabara yetu nyembamba inabaki na nafasi. WRX STI ni nzito na ndefu zaidi, lakini ina milango minne. Hilo si dogo. Jaribu kumwambia mama mzazi aingie kiti cha nyuma cha GR Yaris akitoka kanisani Nkubu, uone atakavyokutazama.

Lakini lazima niseme jambo moja bila mzaha. Barabara hii inaua. Daraja la Nithi limemeza watu kwa miaka. Julai 2022 basi lililokuwa likitoka Meru kwenda Mombasa lilitumbukia bondeni hapo, na zaidi ya watu 30 wakafa. Ukichanganya na pikapu za miraa zinazotoka Maua zikikimbizana na muda kabla mzigo haujanyauka, bodaboda wasio na taa, na watoto wanaotoka shule Chuka, utaelewa kwamba farasi 300 hawana mahali pa kukimbilia hapa. Raha ninayoisema ni ya kilomita 60 kwa saa: usukani unaokuambia tairi inafanya nini, gia inayoingia bila kubishana, breki unazoziamini ukiteremka. Anayetaka zaidi aende kwenye mbio za vilabu zinazosimamiwa na shirikisho la michezo ya magari Kenya, KMSF, penye kofia ngumu na gari la wagonjwa pembeni.

Na ukikubali kwamba raha halali ya barabara yetu iko kwenye kilomita 60, utaona mara moja kwamba kibati, rimu za dhahabu na mpangilio wa DONUT haviongezi chochote. Yote matamu yamo kwenye gari la kawaida.

NANI ATALIREKEBISHA?

Nilisema nitarudi kwenye programu. Magari ya zamani yanaendelea kuishi kwa sababu moja: yanarekebishika. Tangu 2003 kuna East African Safari Classic Rally, ambako Datsun 240Z, Ford Escort na Porsche 911 za miaka ya zamani bado zinapigishwa vumbi la Afrika Mashariki. Datsun 240Z ilishinda Safari mwaka 1971 na 1973, na leo bado fundi anaweza kuifungua, kuichomelea na kuiwasha. Hayo ni magari ya mkusanyaji yanayoendeshwa, na thamani yake haifi kwa kuendeshwa, kwa sababu historia yake ni ya kuendeshwa.

Injini ya EJ20 iko upande huo. Ilianza na Legacy ya 1989. Mwaka 1990 Patrick Njiru wetu aliimalizisha Safari kwa Legacy akiwa wa nane, na likawa gari la kwanza la Kundi N kumaliza Safari ya ubingwa wa dunia. Miaka mingi baadaye mafundi wa Embu na Meru wanaijua familia hii ya injini kwa mikono, kutokana na Impreza, Legacy na Forester zilizojaa mitaani. Spea zinapatikana.

Sasa fikiria GR Yaris ya Ogier mwaka 2045. Kisanduku cha kompyuta kinachoongoza klachi ya magurudumu manne kimekufa. Fundi ana kifaa cha kusoma misimbo ya hitilafu, lakini kusoma si kuandika. Kisanduku kingine kinapatikana, cha GR Yaris ya kawaida, na gari linatembea vizuri kabisa. Ila ule mpangilio wa SEB haumo. Je, hilo bado ni gari la Ogier, au ni GR Yaris yenye rangi nzuri? Sisi wa programu tumeshaona mifumo mizuri ikifa kwa sababu mwenye msimbo alifunga ofisi na hakuna aliyebaki na nakala. Makampuni yakitaka faili ziheshimiwe kama chuma, yaache nakala mahali ambapo mwenye gari au fundi wake atazipata baada ya miaka 20. Mpaka siku hiyo, silipi bei ya mkusanyaji kwa faili.

UAMUZI WANGU

Kwa raha, bila familia: GR Yaris ya kawaida yenye gia za mkono.

Kwa raha pamoja na familia na fundi wa karibu: WRX STI Type S ya miaka ya mwisho, iagizwe kabla mlango wa miaka minane haujafungwa. Subaru ilitangaza 2022 kwamba haitatoa STI ya petroli kwa kizazi kipya cha WRX, kwa hiyo hata hilo la kawaida halirudi tena.

Kwa thamani ya mkusanyaji: kati ya yanayoweza kuingia, Final Edition inaishinda GR Yaris ya programu, kwa sababu angalau injini yake imeguswa na mikono na inaweza kufunguliwa na mikono. Lakini usiinunue kwa pesa ya karo wala kwa mkopo wa sako. Inunue tu kama ungeipenda hata bila kibati.

Tofauti ya bei utakayobaki nayo ukichagua la kawaida, itumie kwa tairi nzuri, breki nzuri na siku moja ya mafunzo ya kuendesha. Hivyo vitatu vitakusaidia kwenye mteremko wa Nithi kuliko nambari yoyote iliyochongwa kwenye kibati.